Nilivyosaka deki hadi Bunda kwa ajili ya CD moja ya mama

Mwenzenu mwezi wa nane mwaka 2025 nilichekwa dukani mpaka nikajiona kama nimeshuka kutoka kijijini na kuku kwapani. Kisa? Niliuliza bei ya deki.

Ilikuwa Musoma mjini, mtaa wa Mukendo, saa tano asubuhi. Nimechomekea shati, nimeingia kwa mwendo wa mtu mwenye mshiko wake. Kijana wa dukani akamwangalia mwenzake, kisha akaniambia kwa sauti ile ya kumpoza mgonjwa, "Bro, deki ya nini tena? Siku hizi ni flashi tu. Chukua hii sabufa, ina blutuzi, ina redio, ina na taa zinacheza."

Taa zinacheza! Nikamwambia sifungui disko, natafuta kitu cha kusoma CD. Jamaa alicheka hadi akakalia boksi la feni.

Sasa ngoja nikupe kisa chenyewe, usije ukadhani mwandishi wako kachanganyikiwa. Mama yangu anaishi Butiama, si mbali sana na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Baba alifariki Agosti 2015. Mzee wangu alikuwa mtu wa zamani kwelikweli: picha hataki, simu anaishika kama kaa la moto, ukimpigia anajibu "ndiyo", "hapana", "haya", imekatika. Sasa sehemu moja tu katika dunia hii ambapo sauti yake imebaki ni kwenye video ya harusi ya dada, iliyofanyika Bunda mwaka 2007. Video yenyewe ipo kwenye CD mbili (ni DVD, lakini kwetu kila kitu cha duara kinachong'aa ni CD). Ya kwanza ni kanisani. Ya pili ni ukumbini, na humo ndimo baba anasimama kuongea.

Deki ya zamani ya mama ilishakufa kifo cha kawaida. Kaka wa Dar akamnunulia TV bapa mwaka 2024, lakini deki hakuna aliyeikumbuka. Basi siku moja mama akapiga simu: "Baba, misa ya mzee wenu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kumi imetimia. Watu watakuja. Nataka wamsikie."

Ukisikia mama anasema "nataka" bila kuzunguka, ujue hapo hakuna mjadala. Kikundi cha familia kwenye simu kikawaka moto, michango ikamiminika, ikapatikana shilingi 310,000. Kaka akaongeza la kwake: "Chukua hom thieta kabisa, tusiaibike mbele ya wakwe." Mnunuzi nikateuliwa mimi, eti kwa kuwa najua mambo ya vyombo. Sifa hiyo niliipata nikiwa na miaka 14, nilipotengeneza redio ya jirani kwa kuizaba kibao.

Kwa wale mliozaliwa juzi, deki ilikuwa heshima. Tanzania Bara tulichelewa sana kupata televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi huku ITV ilianza 1994, tena Dar es Salaam kwanza. Mtu wa Musoma aliyetaka kuona picha inayotembea alikwenda banda la video. Pale Nyasho tulijazana kwenye mabenchi kama dagaa, mkanda unakwaruza, jamaa anatafsiri kwa kumwiga Lufufu wa Dar, na mwenye banda anasimama mlangoni na fimbo kuwakomesha wachunguliaji. Nyumba yenye deki haikuhitaji kujitambulisha. Mchumba akija kuposa, deki inafunuliwa kitambaa.

Baadaye zikaja VCD, zile za picha moja kukatwa katikati kwa sababu CD moja inabeba dakika 74 tu. Rambo anaruka kutoka kwenye helikopta, unabadilisha CD, ndipo anatua. Halafu ikaja DVD, ambayo Wajapani waliianza Novemba 1996 lakini kwetu ilienea miaka ya 2000, na ikaingia na Bongo Movie zake. Hapo kila harusi ikawa lazima itoke kwenye DVD. Ndiyo maana nakwambia msomaji wangu, usicheke. Fungua droo ya shoo-kesi ya nyumbani kwenu uone. Send-off, harusi, kipaimara, mazishi ya babu, vyote vimelala humo kwenye makaratasi ya nailoni, na nyumba nzima haina mashine ya kuvifungua.

Turudi Mukendo. Duka la nne nikapata deki moja, mpya, boksi lina vumbi la kupanda mchicha. Bei 75,000. Mimi sikwenda mikono mitupu, CD zote mbili zilikuwa kwenye begi. Nilizifuata mwenyewe Butiama, mama alikataa katakata kumpa kondakta, akazifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Hilo ni somo la kwanza ambalo silidai senti: ukienda kununua deki nenda na CD yako, tena ile mbovu kuliko zote. Ukitegemea CD ya dukani utaingizwa mjini, kwa sababu ile ya dukani hata kijiko kingeisoma.

CD ya kanisani ikasoma. Dada yule anaingia, kashika maua, mashavu kama andazi. CD ya ukumbini ikazunguka, ikalia krrr, krrr, kisha kwenye kioo yakatokea maneno mawili ya Kizungu yanayomaanisha humu hamna kitu. Nikairudia mara tano. Hamna kitu. Baba yangu hamna kitu! Muuzaji akasema CD yangu ni kimeo. Nikatoka nje nikanunua maji, sikuyanywa.

Jioni nikaenda kwa fundi mmoja wa Nyasho, mzee wa miwani, ofisi yake imejaa mizoga ya redio. "Shikamoo fundi." "Marahaba, lete ugonjwa." Akaichukua CD, akaiinamisha kwenye taa, akaangalia kama anayesoma kiganja. Akaniambia hii haijafa, imechoka.

Mzee yule alinifundisha mambo kwa nusu saa kuliko maduka yote ya mjini. CD ya kiwandani, kasema, maandishi yake yamegongwa kwa muhuri. Hii ya harusi imechomwa kwenye kompyuta, maana yake kuna dawa ndani ambayo leza imeiunguza kidogokidogo kuandika. Dawa hiyo inachuja. Jua linaimaliza, joto linaimaliza, na mikwaruzo inakuja juu yake. Deki yenye jicho dhaifu (jicho ni ile lenzi inayorusha mwanga) inasoma za kiwandani vizuri tu lakini ikikutana na hii inanyoosha mikono. Akaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miali ya jua. Usifute kwa kuzungusha! Mkwaruzo unaozunguka unafuata njia ya maandishi yenyewe na kufuta kipande kizima, mkwaruzo unaokata njia mashine inaweza kuuruka. Mimi miaka yote nazungusha kama naosha sahani.

"Katafute Blu-ray," akaniambia. "Hata ya mtumba. Inasoma na DVD. Na ukikuta ya kampuni kubwa ya miaka ile, jicho lake ni jicho."

Blu-ray, kwa asiyejua, ndiyo mdogo wake DVD, ilitoka 2006. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, Blu-ray inabeba 25 kwa tabaka moja, kwa sababu inatumia mwanga wa bluu unaoandika vitu vidogo zaidi. Ilipigana na mpinzani wake aliyeitwa HD DVD mpaka Toshiba wakasalimu amri Februari 2008. Huko kwa wenzetu nazo zinaondoka: Oppo, waliokuwa wanatengeneza mashine za matajiri, walijitoa 2018, na Samsung mwaka 2019 wakaacha kuleta mpya sokoni Marekani. Kwa hiyo ukiona kijana wa Mukendo anacheka, ana sababu yake. Vitu hivi vinakwisha. Na ndiyo hasa sababu ya kukinunua sasa hivi na si mwaka kesho.

Kesho yake alfajiri nikapanda Haisi kwenda Bunda. Bunda si mji wa kuudharau, ndugu yangu. Barabara ya Mwanza kwenda Sirari inaupasua, ya Ukerewe inachepukia hapohapo, na kila kinachopita kinaacha kitu. Nikaelekezwa kwa jamaa anayeuza vyombo vya mtumba, runinga zimepangwa ukutani kama madirisha.

Ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa nzuri mpaka nikaona aibu kuishika. Nyeusi, nzito, inateleza kama ngozi ya kambare. 110,000. Nikaigeuza mgongo. Fundi alinisisitiza: kabla ya kupenda sura, soma mgongo. Pale nyuma imeandikwa volti 100. Hiyo ni ya Japani! Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kushushia, unasikia "pu", moshi unatoka, na muuzaji anakwambia alikuuzia nzima. Tena za Kijapani nyingi hazikutengenezwa kusoma PAL, mfumo wa picha tunaotumia sisi. Nikamwambia muuzaji, akajibu, "Kaka unajua sana." Sikujua kama kanisifu au kanitukana.

Ya pili sasa ndiyo hom thieta aliyoitaka kaka. Deki na amplifaya ndani ya sanduku moja, spika tano ndogo na besi moja kubwa, ile wanayoita 5.1. Bei 250,000. Hapa ndugu yangu nilitetereka. Nikajiona nimekaa katikati, risasi inapita sikio la kulia kwenda la kushoto, wakwe wameduwaa. Nikampigia mke wangu. Mke wangu kwa mambo ya fedha ni benki kuu. Akauliza swali moja tu: "Hiyo deki ya ndani ikifa, hizo spika zitaimba na nani?"

Nikanyamaza. Kweli. Hizi za kufungashwa pamoja jicho likifa, nyingi zinabaki fanicha, na waya za spika zake zina vichwa vyake vya pekee ambavyo haviingii kwingine. Halafu kuna hili ambalo wauza duka hawakwambii: spika tano zina faida pale picha yenyewe ilipotengenezwa na sauti sita tofauti ndani yake, kama sinema kubwa za Marekani. Harusi ya Bunda 2007 ilirekodiwa na kamera moja, begani mwa mtu mmoja aliyekuwa na njaa. Sauti yake ni mbili tu, kulia na kushoto. Ukiipeleka kwenye spika tano unaigawa tu, kama soda moja kwa watoto watano.

Ya tatu ilikuwa chini ya meza, inakaliwa na paka. Blu-ray, imetoka Uingereza, mgongoni volti 220 mpaka 240. Haina rimoti yake, ina ya kubahatisha. Muuzaji akaanza 180,000. (Kwa wapenzi wa sinema za kununua: angalia na namba ya kanda. Kwa DVD sisi Tanzania tuko kanda ya 5, Uingereza 2, Marekani 1, na mashine kali inakataa CD ya kanda nyingine. Za Kichina za bei poa mara nyingi hazijali. Kwa Blu-ray Afrika na Ulaya tuko pamoja, kanda B. CD za harusi hazina kanda, hazina pasipoti.)

Akaiwasha, nikamkabidhi CD ya pili. Ikalia kidogo. Ikanyamaza. Halafu ukumbi ukajaa kwenye kioo! Mapambo ya pinki na meupe, mshehereshaji na suti yake ya mabega makubwa, shangazi ambaye sasa ni marehemu anacheza na chupa kichwani. Nikaipeleka mbele. Ikakwama kwa mshehereshaji, ikaganda vipande vipande kama mosaiki, nikaona nimekwisha, ikajivuta, ikaendelea. Kisha nikamwona anasimama. Anafunga kifungo cha koti. Anapokea kipaza sauti kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

Nikabonyeza kuzima.

Muuzaji akashangaa, "Vipi mkuu, si inasoma?" Nikamwambia inasoma. Nje malori yanapiga honi, mtu ananadi maji ya kandoro, kwenye runinga ya pembeni kuna mpira. Miaka kumi sijaisikia sauti ile. Sikutaka niisikie hapo.

Tukabishana bei mpaka 130,000. Sabufa ya kawaida 95,000, ile ile yenye taa zinacheza, nisiseme uongo. Waya wa HDMI 10,000. Stebilaiza 45,000, maana umeme ukipanda na kushuka, cha kwanza kufa ni kitu cha mtumba. Jumla 280,000. Iliyobaki ni nauli na soda, na kikundi cha familia kisiniulize risiti.

Kuhusu huo waya kuna kichekesho. Kabla sijaununua nilimpigia mama aangalie nyuma ya TV ina matundu gani. TV nyingi za sasa hazina yale matatu ya njano, nyekundu na nyeupe. Akaenda na tochi. "Baba, kuna kitundu kimekaa kama mdomo wa sato aliyekasirika." Nikajua ndiyo HDMI yenyewe.

Makutano nikashuka, nikakata kuelekea Butiama na maboksi yangu, watu wanaangalia. Ijumaa usiku nikafunga kila kitu. Sauti ya sabufa nikaichukua kwenye tundu la hedifoni la TV, ikaunguruma mpaka vikombe kabatini vikaitikia. Sikujaribu CD ya pili. Nilijaribu nyimbo tu. (Kabla hujaniuliza: nakala nimetoa. Jumatatu iliyofuata nilimpata kijana Musoma mwenye kompyuta ya zamani yenye droo ya DVD, ikachukua karibu saa nzima kwa sababu ya mikwaruzo, nikaweka kwenye flashi tatu, moja kwa dada, moja kwa kaka, moja kwangu. Lakini mama flashi haijui, na hataki kuijua.)

Jumamosi baada ya misa watu wakala. Ugali wa udaga, sato, nyama, wazee wakatangulia kukaa ndani, vijana madirishani kama zamani kule Nyasho. Mama kakaa kwenye kochi la pembeni, kajifunga khanga mpya, hasemi. Kaka wa Dar akatangaza, "Sasa mtasikia hom thieta!" akaongeza sauti.

Nikaweka. Mapambo, vicheko, watu wanaonyeshana, "Yule ni wewe? Ulikuwa na nywele!" Ilipofika kwa mshehereshaji ikaganda. Chumba kizima kikaganda nayo. Nilihesabu moyoni hadi kumi na tisa. Ikaachia.

Baba akasimama. Akafunga kifungo. Akapokea kipaza sauti. Na sabufa ikatoa sauti nzito, kubwa, ya kutetemesha sakafu, kama waziri anahutubia uwanja wa mpira. Watu wakasema "aaah!" kwa kufurahi. Kaka akanipiga begani.

Mama akainua mkono.

"Huyo ni nani?"

Pakawa kimya. Kaka akasema, "Mama, si baba huyo."

"Baba yenu hakuwa na sauti hiyo. Zimeni hilo lidude."

Nikainama nyuma ya TV nikachomoa pini ya sabufa. Taa zake zikaendelea kucheza bubu. Sauti ikahamia kwenye vijispika vya TV yenyewe, nyembamba, ya puani kidogo, ya mtu asiyezoea kuongea mbele za watu. Nikairudisha mwanzo. Akakohoa, akawasalimu wakwe, akawashukuru wachungaji na wageni. Kisha akasema kwamba huyu binti anayepewa pongezi zake leo hakumlea yeye. Yeye alikuwa Mwadui kazini miaka yote, anakuja na mkate na kuondoka. Kamlea mama yake. Akasema wampigie makofi mama yake, si yeye. Pale kwenye kioo makofi yakapigwa, kamera ikamtafuta mama ikamkosa, ikaonyesha sufuria.

Dada alikuwa analia waziwazi. Mimi nilijitia naangalia waya. Mama alisogeza kiti cha chini mpaka karibu na TV, goti likagusa meza, akanyoosha kidole bila kunitazama.

"Rudisha," akasema. "Rudisha pale anapokohoa."